Ukuta wa mita mbili kando ya mto Kawa

Swali, kwa ufupi: "Jambo Papa Enjenia. Niko Bukavu, parseli yangu inagusa mto Kawa upande wa Kadutu. Mvua kubwa ya mwaka jana maji yaliingia ndani usiku. Hayakuja na kishindo, yalipanda tu kama uji unavyofura kwenye sufuria, yakafika kwenye magodoro, yakakaa mpaka karibu asubuhi. Yalipoondoka yaliacha tope laini na chupa za plastiki. Nilipoteza kuku sita. Fundi anasema tujenge ukuta wa mawe, mita mbili, na pesa nimeshakusanya karibu nusu. Kijana wangu ananionyesha kwenye simu kwamba Waholanzi wanaishi chini ya bahari na hawalowi. Mbona wenzetu wanaweza mito yao, sisi hapana? Nijenge ukuta ao nihame?"

Jambo sana mama, na pole kwa magodoro na kwa kuku. Nianze na la haraka, maana najua fundi anakusubiri: usimpe pesa bado. Ukuta si kitu kibaya. Ukuta ni dawa, na kila dawa ina ugonjwa wake; huu wa kwako hatujaupima. Kuna maneno mawili umeyaandika kwa kupita tu, lile la uji na lile la chupa, ambayo kwangu mimi yana uzito kuliko mita mbili za fundi. Nitayarudia.

Sisi watu wa maji tukipelekwa kwenye mto tusioujua, hatuulizi kwanza upana wala kina. Tunauliza: mvua ikinyesha kule juu, maji yanachukua muda gani kufika hapa chini? Jibu la hapo ndilo linaloamua karibu mengine yote: kama tuta litafaa, kama tangazo la redio litafaa, kama utatoka nyumbani na friji au utatoka na mtoto tu.

Tuangalie kwetu kwanza. Pale Kinshasa mto Kongo ulianza kupanda mwishoni mwa 2023, na Januari 2024 ukafika kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu 1961. Maji yale yalikuwa yametembea majuma mengi kutoka mbali, kwa hiyo Régie des voies fluviales, wale wanaopima kimo cha mto, walitoa onyo mapema. Nyumba nyingi zililowa, lakini mtu alipata muda wa kung'oa hata mlango wake na kuondoka nao. Sasa linganisha na Desemba 2022, katika jiji lile lile: mvua ya usiku mmoja, vijito na makorongo ya mtaani, watu zaidi ya 100 wakafa. Na Aprili 2025 ni mto Ndjili, tawi dogo tu la Kongo, uliofurika ukaua tena makumi ya watu. Ule mto mkubwa ambao kila mtu anauogopa ulikuwa na adabu ya kupiga hodi. Vidogo viliingia bila hodi.

Kawa yako ni ya kundi hilo la pili. Uso wa ziwa Kivu uko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Vilima vinavyoilisha Kawa vinasimama juu sana ya hapo. Na kati ya kilele na ziwa ni kilometa chache, safari ambayo wewe unaimaliza kwa miguu na mzigo kichwani. Kutoka tone la kwanza la mvua kubwa mpaka maji kufika kwako, hesabu ni ya dakika. Mto unaotoa dakika hauwezi kutunzwa kama mto unaotoa siku tatu, hata ukiwa na pesa za Mholanzi.

Na huyo Mholanzi tumtazame vizuri, maana kijana wako ameona nusu ya hadithi. Kwanza, kusema hawalowi si kweli: usiku mmoja wa 1953 bahari ilivunja matuta yao ikaua watu 1,836. Pili, mto wao mkubwa, Rhine, unazaliwa kwenye milima ya Uswisi, unapita Ujerumani yote, ndipo unaingia kwao. Mafuriko yakianza juu, wao wana siku kadhaa za kunywa kahawa wakisoma vipimo. Mwaka 1995 walipoona matuta yanaweza kupasuka, walihamisha watu kama 250,000, pamoja na ng'ombe wao, kabla maji hayajafika. Matuta yalishika. Lakini walishtuka, na walichofanya baadaye ndicho ninachotaka kijana wako akitafute kwenye simu. Hawakuishia kwenye kuimarisha kuta tu. Walianzisha mpango walioupa jina la kuupa mto nafasi, wakaanza kurudisha matuta nyuma, kuchimba mikondo ya pembeni na kushusha mashamba ya kando ya mto ili maji yapate pa kupumzikia. Katika mji wa Nijmegen tuta lilirudishwa nyuma mita 350, na nyumba kama 50 zikabomolewa. Zilikuwa nyumba nzuri, za matofali, za watu waliolipa kodi. Kazi hiyo, katika sehemu zaidi ya 30 za nchi, iligharimu zaidi ya euro bilioni 2. Yaani taifa lililojifunza kujenga kuta kwa miaka mia nyingi limelipa pesa nyingi ili kuziondoa njiani.

Wamarekani walilifikia jibu hilo kwa njia ya machozi. Kwa muda mrefu wahandisi wa serikali yao walishikilia kwamba Mississippi utadhibitiwa kwa matuta peke yake; wakaziba njia za pembeni ambazo mto ulikuwa unapumulia. Mwaka 1927 mto ukapasua matuta na kufunika nchi yenye ukubwa wa kama kilometa za mraba 70,000, zaidi ya Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, na kufikia 1931 walikuwa wamejenga juu ya New Orleans mlango mkubwa wa kutolea maji pembeni, mto ukijaa sana. Ukuta ukabaki, lakini ukapewa mlango.

Bangladesh nitaipita haraka, kwa sababu haifanani na wewe hata kidogo. Mwaka 1998 theluthi mbili hivi za nchi zilikuwa chini ya maji, tena kwa zaidi ya miezi miwili. Ni tambarare tupu, maji yanapanda polepole, na mkulima wa kule mafuriko ya kawaida anayataka, yanamletea rutuba. Anayaogopa yale yanayozidi tu. Nyumba anaiweka juu ya kilima cha udongo alichokiinua mwenyewe. Jirani zetu wa Uvira wanaokaa karibu na maji, ambao ziwa Tanganyika limewapandia pole pole miaka hii, wangeweza kujifunza kitu pale. Ukijaribu kilima cha udongo kwenye Kawa, mto utakibeba usiku mmoja.

Nchi ambayo inafanana na wewe ni Ujerumani. Najua utashangaa.

Kuna mto mdogo kule unaitwa Ahr, una urefu wa kilometa kama 85 tu, unapita katika bonde jembamba lenye miteremko mikali, vijiji vimebanana kando ya maji, juu yake mashamba ya zabibu. Ukiacha zabibu, ungedhani uko Kalehe, kwetu huku kando ya ziwa Kivu. Jioni ya 14 Julai 2021 mvua ilikuwa imenyesha kutwa. Mji mmoja wa bonde lile, Altenahr, ulikuwa na kipimo cha kimo cha maji, na kimo cha juu kabisa kilichowahi kusomwa pale kilikuwa mita 3.71, mwaka 2016. Usiku ule kipimo kikasoma 5.75 kisha kikanyamaza. Mto ulikuwa umekibeba. Waliokuja kuchunguza alama kwenye kuta waliona maji yalikaribia mita 10. Katika bonde lile peke yake walikufa zaidi ya watu 130, na Ujerumani nzima zaidi ya 180. Katika mji wa Sinzig, kwenye nyumba ya kutunzia watu wenye ulemavu, walikufa 12. Walikuwa wamelala vyumba vya ghorofa ya chini.

Nchi ile haikosi pesa, mama. Haikosi setilaiti wala kompyuta; maonyo ya mfumo wa Ulaya wa kutabiri mafuriko yalikuwa yametumwa siku kadhaa kabla. Kilichowaua ni vitu viwili ambavyo hata sisi tunavyo hapa Bukavu.

Cha kwanza ni kumbukumbu fupi. Mtu aliyeambiwa "mto utafurika" alikumbuka 2016, maji ndani ya chumba cha chini ya ardhi, akashuka kwenda kuokoa vitu vyake huko. Lakini mto ule ulikuwa umeshaua: mwaka 1804 watu 63, na 1910 tena zaidi ya 50. Vipimo vya kisasa vilianza 1947 tu, na ramani za hatari zikachorwa kwa vipimo hivyo, 1804 na 1910 zikaachiwa wanahistoria. Ndiyo maana nikifika avenyu yoyote yenye mto, kabla ya kufungua vyombo vyangu, naomba nionyeshwe mzee au bibi aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote. Namuuliza kitu kimoja: maji yaliwahi kufika wapi? Mara nyingi ananipeleka kwenye jiwe au kona ambayo iko juu sana kuliko nyumba za leo. Wewe pia mtafute huyo mzee wa kwenu wiki hii.

Cha pili ni madaraja. Ahr ulibeba miti, magari, matenki ya gesi, nyumba za kukokotwa za watalii; vyote vikakwama kwenye matao ya madaraja. Daraja likawa bwawa. Maji yakapanda nyuma yake, yakaingia nyumba ambazo yasingezifikia, kisha daraja likakatika na bwawa zima likashuka kwa mara moja juu ya waliokuwa chini.

Sasa turudi kwenye barua yako. Mto ukikuingilia kwa nguvu zake mwenyewe unakuja na kishindo, unaacha mawe na changarawe, unavunja pembe ya nyumba, na ukimaliza unaondoka upesi kama ulivyokuja. Wewe umeniandikia kwamba maji yalipanda kama uji, yakakaa mpaka karibu asubuhi, yakaacha tope laini na chupa. Tope laini hutua pale maji yaliposimama. Maji yaliyosimama yamezuiwa na kitu. Na kitu hicho hakiko juu yako, kiko chini yako. Kwa hiyo nakuuliza: baada ya parseli yako, ukishuka na mto, daraja la kwanza au karavati la kwanza liko hatua ngapi? Na baada ya mvua ile, mdomo wake ulikuwaje? Mimi naweka dau kwamba ulikuwa umezibwa na magunia, matawi, godoro moja au mawili ya wenzako, na chupa juu ya chupa. Takataka za Bukavu tunazifahamu; zile zinazoponyoka mitoni zinaelea ziwani mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, na pale zinasumbua mitambo ya umeme. Zisizoponyoka zinabaki chini ya madaraja yetu.

Kama ni hivyo, ukuta wa fundi utafanya nini? Maji yakizuiwa na daraja yanapanda pande zote. Yatazunguka mwisho wa ukuta wako, au yataingia kwa jirani na kutokea uani. Halafu kuna maji ya barabara, yale yanayotelemka kutoka juu nyuma ya nyumba yako na leo yanapita uani yakienda mtoni. Siku ukuta utakaposimama, hayana pa kutokea. Utakuwa umejijengea beseni na wewe uko ndani yake.

Sisemi haya kwa kusoma vitabuni. Miaka iliyopita, nikiwa bado kijana wa kujiamini, nilimchorea mtu ukuta kando ya kijito cha namna hiyo hiyo. Mawe mazuri, simenti ya kutosha, tulipiga hata picha. Msimu wa kwanza ulisimama, wa pili ukasimama. Kumbe muda wote huo mto ulikuwa unachimba chini ya msingi, kwa sababu maji yakikutana na kitu kigumu hayatulii, yanashuka kwenye mguu wake na kutafuna. Msimu wa tatu ukuta ukalala mtoni mzima mzima, kama mtu aliyesinzia kwenye benchi, ukageuza mkondo wote ukaenda kupiga nyumba ya ng'ambo. Hakuna aliyekufa, lakini yule mama wa ng'ambo alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Alikuwa hajaniomba kitu chochote.

Kuna swali jingine ambalo kijana wako ataliuliza: mbona sasa, wakati babu zetu walikaa hapa na mto haukuwasumbua hivi? Tufanye hesabu ya bati lako. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Tuseme nyumba yako ni mita 8 kwa 10, na mvua ikamwaga milimita 50 kwa saa moja. Hiyo ni lita 4,000. Bidoni 200 za lita 20, mama, kutoka bati moja, kwa saa moja. Pale paliposimama nyumba palikuwa na majani na miti. Sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa inanyweka na kutoka pole pole chemchemini siku za kiangazi. Leo weka mabati elfu kwenye mteremko mmoja, na kati yao njia za udongo uliokanyagwa mpaka ukawa kama saruji, katika mji uliopangwa na Wabelgiji kwa watu makumi ya maelfu na sasa una zaidi ya milioni moja. Maji yote yanashuka pamoja. Na kesho yake asubuhi wenye mabati hayo hayo wanapanga mstari bombani na bidoni mbili mbili! Hilo linanichekesha na kuniuma kwa wakati mmoja.

Hewa nayo imebadilika. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka inaifanya hewa iweze kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, na ikiuangusha inauangusha kwa fujo. Lakini niseme wazi, sipendi tabia ya kuitwika mbingu kila kosa letu. Baada ya msiba wa Kalehe, mwaka 2023, wanasayansi wa kimataifa walijaribu kupima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika mvua ile, wakashindwa, kwa sababu vituo vya kupimia mvua katika eneo letu ni vichache mno. Hata msiba wetu hatukuweza kuupima.

Nimetaja Kalehe, na siwezi kuipita tu. Alhamisi 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko katika kijiji cha Nyamukubi, kule Kalehe. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na wengine walikuwa wametoka visiwani kuja kuuza na kununua. Jioni mito ilishuka kutoka mlimani na mawe makubwa kuliko gari, ikapita juu ya Bushushu na Nyamukubi. Miili iliyozikwa ilizidi 400, na maelfu hawakuonekana tena. Siku mbili kabla, ng'ambo ya ziwa huko Rwanda, mvua ilikuwa imeua watu zaidi ya 130, na mto Sebeya ulikuwa umeingia ndani ya nyumba za Rubavu. Na Aprili 2020 tulishaona Uvira, pale Mulongwe ulipotoka kwenye njia yake na kupita katikati ya mji.

Utasikia watu wakisema Kalehe ni miti, miti imekatwa. Ni kweli, na China ni ushahidi: baada ya mafuriko ya Yangtze ya 1998, yaliyoua maelfu, serikali ilipiga marufuku ukataji wa misitu ya asili kule juu mtoni na kuanza kurudishia maziwa ardhi iliyokuwa imegeuzwa mashamba. Lakini miti siyo yote. Tazama umbo la mahali penyewe. Milima inashuka wima, halafu ghafla, mbele ya ziwa, kuna kipande kizuri cha tambarare, udongo mnene, karibu na maji, karibu na barabara. Kila mtu anajenga pale. Sasa jiulize tambarare hiyo ilitoka wapi kati ya mlima na ziwa. Iliumbwa na mto wenyewe, tope juu ya tope, kila uliposhuka kwa hasira kwa maelfu ya miaka. Uvira ni hivyo hivyo, mji umekaa juu ya mizigo iliyotuliwa na mito yake. Mto ukirudi pale unarudi kitandani kwake. Hata msitu mzima ukirudishwa juu, mimi nisingelaza mtoto kwenye mdomo wa bonde lile msimu wa mvua.

Basi, wewe ufanye nini? Kuhama kabisa ndilo jibu safi, na ungekuwa dada yangu ningekwambia anza kutafuta pengine polepole. Lakini nakujua hujui utapata wapi parseli nyingine kwa pesa hiyo, na parseli hii utamuuzia nani? Mama mwingine, mwenye watoto wake. Kwa hiyo tushike la leo.

Kabla ya Septemba, mahali pa kulala watoto pahamie upande wa barabara, ulio juu. Upande wa mto weka jiko, makala, kuku ukipenda, chochote ambacho kikienda utalia siku moja tu. Hii haigharimu simenti hata kidogo, na ndiyo iliyokosekana kule Sinzig.

Ile nusu ya pesa uliyokwisha kukusanya itoshe kuinua kizingiti cha mlango na kutengeneza kanivo, yaani mfereji, ya kupitisha maji ya barabara pembeni ya nyumba mpaka mtoni, yenye mawe chini ili isichimbike. Chini ya bati weka mapipa. Nisikudanganye, mapipa matatu yanabeba lita 600, na katika mvua ile tuliyoihesabu yatajaa ndani ya dakika kama tisa; lakini ni maji ya kufulia uliyoyapata bure. Usichimbe shimo la kunyonyesha maji ardhini, hata fundi akikushauri. Huko kwingine ni jambo zuri, wanalifundisha mashuleni. Kwenye miteremko ya Bukavu yenye udongo mwekundu unaoteleza, maji ukiyapeleka chini unaulainisha mlima mzima, na nyumba ya juu itakuja kukutembelea.

Onyo nalo lisingoje mtu wa serikali. Tafuta rafiki anayekaa juu, karibu na pale kijito kinapoanzia, mwenye simu na anayechelewa kulala. Mkubaliane: akiona maji yanafika jiwe fulani, anakupigia mara moja na kukata, hata kama hana yuniti za kuongea. Nyinyi wa chini mkisikia, sufuria zinapigwa na watoto wanatoka. Pakeni rangi nyekundu kwenye nguzo ya daraja, alama ya kwanza ya kuamka, ya pili ya kutoka. Kwenye bonde la Búzi kule Msumbiji, baada ya mafuriko makubwa ya 2000, wanavijiji walifanya karibu hivyo hivyo: watu wa kawaida wanasoma vipimo vya mvua na mto, wanapashana habari kwa redio kutoka juu kwenda chini. Kipimo cha mvua unaweza kujitengenezea: kopo lililonyooka pande zote, liweke wazi uani, pima maji kwa rula kila asubuhi na uandike kwenye daftari ya mtoto. Baada ya misimu miwili utakuwa na kitu ambacho wale wanasayansi walikikosa.

Na maji yakishaanza kutembea, usiyavuke. Yakifika magotini na yanakimbia, yanamwangusha mtu mzima. Mwendo wa maji ukiwa maradufu, nguvu yake inakuwa mara nne.

Lile kubwa, daraja, huliwezi peke yako. Mwendee chefu wa avenyu, na yule wa ng'ambo pia, maana Kawa ina kingo mbili na mara nyingi ni watu wa kartye mbili wanaolaumiana. Salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ya kuzibua daraja ifanyike kabla ya mvua za Septemba, halafu baada ya kila mvua kubwa, si mara moja kwa mwaka na picha za viongozi wenye makoleo. Kinachotolewa kisirundikwe ukingoni, maana mvua inayofuata itakirudisha pale pale. Kipelekwe kwa kigari mpaka panapotupwa takataka. Nimeona salongo nyingi zikiharibikia hapo.

Ukuta tutauzungumza tena nikishaona daraja. Kwa hiyo nitumie vipimo viwili: upana wa uwazi wa lile daraja au karavati, na kimo kutoka maji ya kiangazi mpaka chini ya zege. Kijana wako na simu yake wakuletee pia picha ya mdomo wake, upande wa juu, waipige kesho kabla hakujanyesha. Kama uwazi wenyewe ni mwembamba kuliko mto unapopita kwako, basi hata likizibuliwa halitatosha, na barua itakayofuata tutaiandika pamoja kwenda komini.